Ariel: jina la mtoto wa kike au wa kiume?



Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kwenu ni Sumbawanga, haulizi habari za mahindi wala za ziwa. Anacheka, anakuomba usimroge. Asichojua ni kwamba jina lenyewe linasema kinyume. Wazee wa Kifipa wanatueleza kuwa sumba ni kutupa na wanga ni uchawi, kwa hiyo Sumbawanga ni "tupa uchawi", yaani ukifika hapa mambo yako ya giza yaache huko huko ulikotoka. Mji ulipewa jina la kukataa uchawi, watu wakaubandika uchawi huo huo. Ndivyo majina yalivyo. Lina maana yake, na watu wanasikia lao.

Nimeanza na hilo kwa sababu leo nataka kuongelea jina jingine ambalo maana yake na masikio ya watu havipatani. Jina hilo ni Ariel. Miaka ya karibuni nimelikuta Sumbawanga mjini, nimelikuta Laela, nimelikuta mpaka Matai. Wengine wanaandika Ariel, wengine Arieli, na bibi zetu ambao "r" haijawahi kuwakalia vizuri wanasema Alieli na maisha yanaendelea. Wapo waliompa mtoto wa kike, wapo waliompa wa kiume, na kila upande unauona mwingine umekosea. Nimeshaulizwa mara nyingi nani yuko sahihi.

Jibu fupi: wote wako sahihi. Jibu refu ndilo hili hapa chini, na ndani yake kuna jambo linaloweza kumgharimu mtoto nafasi yake ya shule. Kwa hiyo naomba twende wote mpaka mwisho.

MAANA YAKE

Ariel ni jina la Kiebrania lenye vipande viwili. Ari ni simba. El ni Mungu, huyo huyo El unayemsikia mwishoni mwa Danieli, Samweli, Mikaeli, Gabrieli na Yoeli. Ukiunganisha unapata "simba wa Mungu". Wapo wataalamu wanaolisoma kwa njia nyingine, kwamba ni meko ya madhabahu, yaani pale juu moto ulipowaka na sadaka ikateketezwa. Wanaegemea kitabu cha Ezekieli sura ya 43, ambako neno la namna hiyo limetumika wakati vipimo vya madhabahu vinaelezwa. Lakini kwa jina la mtu, simba wa Mungu ndiyo maana inayojulikana zaidi.

Kwetu simba hana shida. Simba ni jina la ukoo, na mawaziri wetu Iddi Simba na Sophia Simba walilibeba, mmoja mwanaume na mwingine mwanamke. Sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza kama huyo simba ni dume au jike.

Katika Biblia jina hili halitokei mara nyingi. Kitabu cha Ezra sura ya 8 mstari wa 16 kinamtaja Arieli kama mtu, mwanaume, mmoja wa viongozi ambao Ezra aliwaita wakati wa safari ya kutoka Babeli kurudi Yerusalemu. Halafu kuna Isaya sura ya 29. Humo Arieli si mtu, ni mji. Nabii anaupa Yerusalemu jina hilo. Hapa ndipo pana utamu kwa wanaobishana, kwa sababu katika Kiebrania miji huhesabiwa kuwa ya kike. Ndiyo maana manabii wanasema "binti Sayuni". Isaya anapouambia mji huo Arieli kwamba utashushwa chini, kitenzi alichotumia ni cha kumsemesha mwanamke. Kwa hiyo ndani ya Biblia hiyo hiyo moja unaye Arieli mwanaume na unaye Arieli anayesemeshwa kama mwanamke.

Na si Ariel peke yake. Abiya ni mfalme wa Yuda, mwana wa Rehoboamu, na Abiya ni mama yake mfalme Hezekia. Gomeri ni mwana wa Yafethi katika Mwanzo, na Gomeri ni mke wa nabii Hosea. Kwa hiyo anayekwambia Biblia ina majina ya kiume upande huu na ya kike upande ule, mwambie akasome tena taratibu.

JE, NI MALAIKA?

Hili naulizwa sana, hasa na akina mama wa maombi. Wameona kwenye mtandao kwamba Ariel ni malaika wa wanyama, au wa upepo, au wa mali. Biblia haina malaika mwenye jina hilo. Hayo yametoka katika maandishi mengine ya kale na vitabu vya mambo ya siri. Kanisa Katoliki lilitoa mwongozo kuhusu ibada za watu mwaka 2001, na humo lilisema wazi kwamba si vema kuwapa malaika majina ya kipekee zaidi ya Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Kwa hiyo kama umempa mtoto jina hilo kwa kufuata malaika, maana uliyoshika si yenyewe. Kama umempa kwa sababu ya simba wa Mungu, uko salama.

JINA LILIVYOZUNGUKA DUNIA

Wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza kwenye taarifa za habari, kwa Ariel Sharon, jenerali aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli kuanzia 2001 mpaka alipopatwa na kiharusi Januari 2006. Alifariki 2014. Hebu litazame jina lake. Ariel, na Sharon. Yote mawili hapa kwetu ungempa binti. Sharon kwetu ni wasichana tupu, lakini kwa Waisraeli ni bonde linalotajwa kwenye Biblia, na wanalitumia kwa wanaume na kwa wanawake. Mzee wa watu alikuwa kamanda wa vita, na majina yake yangeweza kukaa kwenye kwaya ya akina dada wa parokia yoyote ya Ufipa.

Wapenzi wa mpira watamkumbuka Ariel Ortega, aliyevaa jezi namba 10 ya Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1998. Kule Amerika ya Kusini Ariel ni mwanaume, hakuna mjadala.

Uingereza nako jina lilipita njia yake. Shakespeare aliandika tamthilia ya The Tempest mnamo 1611, na humo Ariel ni roho wa hewani anayemtumikia mchawi Prospero. Kwenye jukwaa ameigizwa na wanaume na wanawake. Sisi tulimpata mapema kuliko wengi wanavyodhani, maana Samuel Mushi aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili kwa jina la Tufani, ikatoka mwaka 1969.

Kilichogeuza upepo ni katuni. Mwaka 1989 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Little Mermaid, na nguva wao mwenye nywele nyekundu wakamwita Ariel. Hadithi ya asili ya Hans Christian Andersen, ya 1837, haikumpa nguva jina kabisa. Baada ya filamu hiyo, Marekani wasichana wengi wakaitwa Ariel. Mwaka 2023 ikatoka filamu mpya, na safari hii Ariel ni dada mweusi, Halle Bailey. Sasa hivi mtoto wa Sumbawanga mwenye simu ya mama yake mkononi anamjua Ariel kama nguva kabla hajamsikia Isaya.

Lakini kuna Ariel mmoja ambaye Tanzania inamdai heshima zaidi ya nguva. Huyu ni Ariel Glaser, mtoto wa kike wa Marekani. Mama yake, Elizabeth Glaser, aliongezewa damu yenye virusi vya UKIMWI alipojifungua mwaka 1981, bila kujua, na mtoto akaambukizwa kwa maziwa ya mama. Wakati huo dawa zilizokuwepo zilikuwa za watu wazima, watoto hawakuwa na zao. Ariel alifariki 1988 akiwa na miaka saba. Mama yake na wenzake wakaanzisha mfuko wa kupigania dawa na utafiti kwa ajili ya watoto, naye akafariki 1994. Mwaka 2011 likaanzishwa shirika la Kitanzania lenye jina la mtoto huyo, AGPAHI, na kule Shinyanga na mikoa ya jirani vikundi vya watoto na vijana wanaoishi na VVU vikaitwa klabu za Ariel. Ndani ya klabu hizo wamo wavulana na wasichana. Jina la simba limewakaa wote.

SASA TUJE UFIPA

Ili uelewe kwa nini jina hili linaleta mjadala kwetu, lazima ujue tulivyozoea kupewa majina. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walifika Karema mwaka 1885, na jimbo letu liliitwa Karema mpaka 1969 lilipoitwa Sumbawanga. Kwa muda mrefu Sheria ya Kanisa ilikuwa ile ya 1917. Kanuni yake ya 761 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia jina lao, paroko aongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Ndiyo maana Ufipa ukiita Deusdedit au Gaudensi sokoni watageuka watu watatu. Kardinali Pengo, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, alipata Polycarp, ambalo kwa Kigiriki ni "mwenye matunda mengi".

Majina hayo yalikuwa na faida moja ambayo hatukuitambua. Mengi yalipita kwenye Kilatini, na Kilatini kinaonyesha jinsi mwishoni. Krispin ni kaka, Krispina ni dada. Justin na Justina, Klementi na Klementina. Karani hakuhitaji kumwona mtoto, mwisho wa jina ulimtosha.

Ariel haina mwisho wa namna hiyo. Masikio ya Kiswahili nayo yanahangaika. Anayelisikia karibu na Danieli anasema mvulana. Anayelisikia karibu na Raheli anasema msichana, ingawa Raheli haina El ya Mungu ndani yake, maana yake ni kondoo jike. Ukiongeza wale wa nguva, basi kila mtu ana lake.

Sheria mpya ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 855, imelegeza. Inachotaka ni kwamba jina lisiwe geni kwa hisia ya Kikristo. Ariel haina kipingamizi hapo. Tatizo dogo linalobaki kwa Wakatoliki ni somo. Bibi yangu alipoambiwa jina la kitukuu chake aliuliza swali moja tu: "Somo wake nani, na sikukuu yake lini?" Hapakuwa na jibu la haraka, na bibi wa Kifipa asipopata jibu la somo hanyamazi. Ufumbuzi wao ulikuwa ule ule wa zamani, mtoto akaongezewa Anna wakati wa ubatizo, bibi akatulia.

MPWA WANGU NA KISANDUKU CHA JINSI

Mama yake huyo mtoto ni dada yangu, kwa hiyo ni mpwa wangu. Simama hapo kidogo. Nimesema mpwa, na nimesema aliongezewa jina. Kama si hilo Anna, mpaka sasa usingejua kama ni msichana au mvulana. Sikukuficha kitu, ni lugha yetu ndivyo ilivyo. Yeye, wake, amekuja, mtoto, mjukuu, mpwa. Kifipa nacho ni hivyo hivyo, kama lugha nyingine za Kibantu.

Kwa Waebrania haiko hivyo. Ukitaka kusema "Ariel alikwenda" lazima uchague. Ariel halakh, ni mwanaume. Ariel halkha, ni mwanamke. Sentensi moja tu imeshakuambia. Kwao jina linaweza kutumika kwa jinsi zote bila wasiwasi kwa sababu kitenzi kinafanya kazi ya kutofautisha. Kwetu kitenzi kiko kimya, na kazi yote inaangukia jina.

Sasa ongeza hili. Mtanzania kwenye fomu anaandika majina matatu: lake, la baba na la babu au ukoo. Mawili ya mwisho kwa kawaida ni ya wanaume, hata kama mwenye fomu ni binti. Kwa hiyo katika majina matatu ni la kwanza peke yake linaloweza kumwambia karani huyu ni nani. Likiwa Ariel, karani amebaki na kisanduku cha ME au KE tu. Na kisanduku kikikosewa, hakuna kitu kingine kwenye karatasi cha kumshtua.

Ndicho kilichompata mpwa wangu. Alimaliza darasa la saba, akafaulu. Orodha za kidato cha kwanza zilipotoka tukamtafuta kwa wasichana, hayumo. Tukarudia mara tatu, hayumo. Dada yangu akakaa siku nzima analia, akiamini mtoto hakuchaguliwa. Baba yake mdogo ndiye aliyesema, nusu kwa utani, hebu tazameni na upande wa pili. Alikuwemo. Mahali fulani njiani, mtu asiyemfahamu alisoma majina matatu yanayofuatana ya kiume, akaandika ME. Binti yetu alikuwa amepangiwa shule ya bweni ya wavulana.

Utasema ni jambo la kurekebishwa kwa simu moja. Haikuwa. Ilitakiwa barua ya shule ya msingi, cheti cha kuzaliwa, kisha cheti cha ubatizo kwa sababu cha kuzaliwa kiliandikwa Arieli na cha shule Ariel, ikaonekana kama watu wawili. Shemeji yangu alipanda gari kutoka kijijini kwenda mjini mara nne, na ni mkulima, msimu wa kupalilia. Mtoto alianza masomo wiki tatu baada ya wenzake. Alipofika alikuta wenzake wamemaliza utangulizi, madaftari yake matupu.

Kuna ndugu waliotoa shauri kwamba jina libadilishwe, aitwe Anna moja kwa moja, yaishe. Mwenyewe akakataa. Alisema jina halina kosa, karatasi ndiyo yenye kosa. Mimi niko upande wake. Tuna Tumaini, Imani, Amani, Furaha, Zawadi, Shida na Tabu, wa kike kwa wa kiume, tangu enzi na enzi, na hatujawahi kusema majina hayo yafutwe. Ariel ni mgeni tu kwenye kundi ambalo sisi tulishakuwa nalo.

USHAURI KWA WAZAZI

Kama umempa mtoto jina hili, au Shalom, au jina lolote lisilosema jinsi, fanya haya:

1. Chagua tahajia moja. Ariel au Arieli, zote sawa, lakini ile utakayoandika kwenye tangazo la kizazi ndiyo iende kwenye cheti cha kuzaliwa, kitabu cha ubatizo na rejista ya shule. Herufi moja ya mwisho inaweza kuzaa watu wawili.

2. Kisanduku cha ME na KE kikague mwenyewe siku ya kuandikisha darasa la kwanza, na ukikague tena kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Usimwachie mwalimu mwenye watoto mia moja na ushee.

3. Orodha zikitoka, tafuta pande zote mbili kabla hamjaanza kulia.

4. Kama mnataka somo, ongezeni jina la mtakatifu ubatizoni. Ila mkubaliane mapema kama litaingia kwenye karatasi za serikali au litabaki la kanisani. Likiingia huku na kukosekana kule, mtahangaika na viapo kwa mawakili.

5. Mwambie mtoto maana ya jina lake. Atataniwa. Ataitwa nguva, ataitwa sabuni ya unga, maana ipo yenye jina hilo. Mtoto anayejua kwamba anaitwa simba wa Mungu, na kwamba jina lake liliwahi kuwa jina la Yerusalemu, hayumbi kirahisi.

Na kwa makarani na walimu wetu, ambao najua wanafanya kazi kubwa kwa vifaa vichache: mkikuta jina msilolijua jinsi yake, ulizeni. Kuuliza kunachukua dakika moja. Kubahatisha kulimchukulia mtoto wetu wiki tatu.

Haya wadau, kuna akina Ariel wangapi huko mliko, na ni kaka au dada? Na nyie mlioitwa Tumaini au Zawadi, mmewahi kuandikwa jinsi isiyo yenu? Uwanja ni wenu hapo chini kwenye maoni. Matusi hapana.

Nawasilisha.